Picha za radi na mawingu zinapogoma: dalili, sababu na tiba kwa wapigaji wa Nyanda za Juu Kusini

Kuanzia Novemba hadi Aprili, na mara nyingine hadi Mei, anga la Mbeya, Iringa na Njombe halitulii. Asubuhi kweupe. Saa sita mchana mawingu yanaanza kurundikana juu ya Rungwe na safu ya milima ya Mbeya, saa tisa au kumi yamefunga, na jioni miali inapasua juu ya Usangu. Ndio msimu wa watu kutoa simu na kamera, na ndio msimu wa malalamiko yaleyale: wingu lilikuwa jeusi la kutisha, picha imetoka nyeupe, radi imepiga mara kumi, hata moja haikushikwa, picha ina ukungu, ina madoa, imetikisika. Wengi hulaumu kamera na kuanza kuwaza kununua nyingine. Kwa sehemu kubwa kamera haina kosa. Imeachwa iamue yenyewe, nayo haijui kwamba wewe ulitaka wingu na si barabara iliyo chini yake.

Tafuta dalili yako, anza na sababu ya kwanza, usirukie ya mwisho. Dalili inayofuata hapa, hata hivyo, isome hata kama picha zako ni nzuri.

Kati ya mwale na ngurumo hazifiki sekunde 30

Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde 3 unazohesabu baada ya kuona mwale ni kama kilomita 1. Sekunde 30 ni kilomita 10, na umbali huo radi inaweza kuuruka na kukufikia hata kama juu ya kichwa chako bado ni bluu na hujapata tone la mvua. Ukifika hapo hakuna mpangilio wa kamera utakaokusaidia. Acha kupiga, ingia ndani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Nasisitiza kwa sababu mahali pazuri pa kupigia picha za anga kwetu ndipo mahali pabaya pa kukutwa na radi: juu ya mwamba wa Gangilonga pale Iringa, vilele vya Loleza, uwanda wa Kitulo usio na mti, mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe ambako wewe ndiye mrefu kuliko kila kitu, ufukwe wa Matema. Chini ya mparachichi au mlingoti si kinga. Kibanda cha bati kisicho na kuta si kinga, wala pikipiki, wala bajaji. Kinga ni nyumba kamili yenye kuta na paa, ukikaa mbali na mabomba na nyaya, au gari lenye bodi na paa la chuma, vioo vikiwa vimepandishwa. Simu iliyo mkononi haivuti radi. Kinachokuponza ni kusimama juu ya kilima ukiwa umeishika. Simu iliyochomekwa kwenye chaji ukutani ni habari nyingine, maana umeme wa radi hupita kwenye nyaya hadi ulipo. Ichomoe.

Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini, kwa hiyo usiogope kumgusa. Kama hapumui, anza kumkandamiza kifua mara moja, na mwenzako apige 112. Apelekwe hospitali hata kama ameinuka na anasema yuko sawa, kwa kuwa moyo unaweza kusumbua baadaye.

Jambo la pili ni ardhi yenyewe. Aprili 2024 tope la mlima Kawetere liliporomoka na kufukia nyumba za watu Itezi, Mbeya mjini. Mvua ikiwa imenyesha siku kadhaa mfululizo, usiende kusimama chini ya mteremko mkali wala ukingoni mwake, hata kama wingu la upande wa pili ni la ajabu namna gani.

Wingu lilikuwa zito na jeusi, kwenye picha ni jeupe tupu

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi.

Sababu kuu: kamera imepima mwanga wa ardhi. Shamba, nyumba na miti viko gizani, anga linang'aa, na simu inajitahidi kuiangaza ardhi mpaka anga linaungua. Gusa wingu lenyewe kwenye kioo, sehemu ile inayong'aa zaidi, shikilia kidole hapo mpaka simu ifunge kipimo, kisha vuta alama ya jua kushuka chini hadi wingu lirudi kuwa na sura. Kwenye kamera, punguza kipimo cha mwanga kwa nafasi 1 (stop, yaani nusu ya mwanga), na jua likiwa nyuma ya wingu punguza hadi 2. Usiridhike na unavyoona kwenye kioo cha kamera, maana kioo hudanganya ukiwa juani. Fungua histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, na kama mlima wake umegonga ukuta wa kulia, weupe huo umepotea na hakuna programu ya kuurudisha.

Sababu ya pili: ardhi imechukua nafasi kubwa mno kwenye fremu. Picha nyingi za mawingu kutoka kwetu zina nusu nzima ya barabara na nguzo. Inua kamera. Bakiza ardhi kipande kidogo, kiasi cha mtu kujua kwamba hii ni Uyole au Makambako, na kazi ya kupima mwanga inakuwa nyepesi.

Sababu ya tatu: faili. JPEG imeshatupa sehemu ya taarifa kabla hujaiona. Kama simu au kamera yako inaruhusu RAW, yaani faili ghafi isiyobanwa na kamera, washa. Anga la dhoruba ndilo linaloihitaji RAW kuliko karibu kitu kingine chochote.

Na kama sasa wingu liko sawa ila ardhi imekuwa nyeusi kabisa? Mara nyingi nasema iache. Weusi wa milima ya Livingstone chini ya wingu lenye moto wa jioni unajitosheleza. Ukiitaka ardhi pia, washa HDR, inayounganisha picha za mwanga tofauti yenyewe, au piga picha mbili, moja ya anga na moja ya ardhi, kamera ikiwa juu ya tripodi (stendi ya miguu mitatu), uziunganishe baadaye. Ila usiipandishe ardhi mpaka iwe na mwanga kuliko anga. Kila aliyewahi kunyeshewa atajua si kweli.

Radi haishikiki

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya karibu kila mtu: unabonyeza baada ya kuuona mwale. Mwale mzima kwa kawaida hauchukui hata sekunde moja. Mpaka jicho limeona, kidole kimebonyeza na kamera imeitika, umekwisha. Kwa hiyo radi haifukuzwi. Shata, lile pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia, inafunguliwa mapema na kuachwa wazi, radi inaingia yenyewe.

Usiku, kwa kamera: tripodi, hali ya M (unapanga kila kitu mwenyewe), ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 100 au 200, tundu la lenzi f/8 (namba ikikua, tundu linapungua), shata sekunde 10 hadi 20. Weka kamera ipige mfululizo, ikimaliza moja ianze nyingine, na uelekeze pale miali ilipokwisha kupiga. Kwa simu yenye hali ya Pro, weka ISO 50 au 100 na sekunde 8 au 10, simu ikiwa imeegemezwa mahali pasipotikisika. Usitumie hali ya kawaida ya usiku: inapiga picha nyingi na kuzichanganya, na mwale uliotokea kwenye moja tu unaweza kufifishwa kama kosa.

Mchana haiwezekani kuacha shata wazi namna hiyo, mwanga ni mwingi. Njia nafuu na ya uhakika ni video. Rekodi kwa 4K, halafu tafuta fremu yenye mwale na uitoe. Fremu moja ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani zaidi kidogo ya megapikseli 8, na inatosha kabisa kuchapwa kwenye karatasi ya A4. Wenye kamera wanaweza kutumia kifaa cha kuhisi mwale kinachofungua shata mwanga wa radi ukitokea, lakini anza na video kabla ya kutoa hela.

Kuna wanaoshika mwale lakini ukatoka mnene, mweupe, hauna matawi. Hapa pana jambo ambalo likieleweka linamaliza nusu ya matatizo. Kwa kuwa radi ni ya kupepesa tu, urefu wa shata hauigusi. Iwe sekunde 5 au 25, mwale utakuwa na mwanga uleule. Kinachoamua mwanga wa mwale ni tundu la lenzi na ISO. Kinachoamua mwanga wa anga na taa za mji ni shata pamoja na hivyo viwili. Basi mwale ukiungua, funga tundu: f/8 iende f/11, au hata f/16 kama dhoruba iko karibu na wewe uko salama ndani. Mwale ukiwa hafifu kwa sababu uko mbali, kama ukiwa Mbeya na dhoruba iko upande wa Usangu, fungua hadi f/5.6 au f/4. Taa za Mwanjelwa zikiungua na mwale uko sawa, punguza sekunde za shata peke yake.

"Kamera inaganda baada ya kila picha, na radi nzuri zinapita hapo." Haijaharibika. Kuna mpangilio wa kupunguza chembechembe kwenye picha za muda mrefu. Ukiwa umewashwa, baada ya sekunde 15 za kupiga kamera hutumia sekunde nyingine 15 kupiga picha ya giza ili ilinganishe. Uzime. Sababu ya nadra zaidi ni memori kadi ya polepole; badili kadi kabla hujaenda kwa fundi.

"Nusu ya picha nyeupe, nusu giza, imekatwa kwa mstari ulionyooka." Kihisi, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga na kuufanya picha, kinasoma mstari kwa mstari, na radi imewaka kikiwa katikati ya kazi. Kwenye kamera, zima shata ya kielektroniki na utumie ya mitambo. Kwenye video ya simu, chagua fremu ya jirani.

Picha imefifia, kama ina moshi

Futa lenzi. Sisemi hivi kwa kupuuza tatizo la mtu. Mafuta ya kidole kwenye lenzi ya simu huyeyusha wingu zima, na taa za jioni hutoa michirizi mirefu. Tumia kitambaa cha miwani au pamba safi, si pindo la kanga lililotoka sokoni na vumbi lake. Kama umebandika kioo cha kulinda kamera ya simu, kibandue ujaribu. Vya bei ya chini huzeeka na kuwa na utando.

Pili, msimu. Septemba na Oktoba watu wanachoma mashamba, vumbi limepanda, na milima ya mbali inapotea. Mvua za kwanza zikisafisha hewa, saa moja baada ya mvua ya alasiri utaona Rungwe, urefu wa karibu mita 2,960, kwa mipaka iliyochongeka. Subiri hiyo saa. Filta ya polaraiza husaidia kukata utando na kuyafanya mawingu yachomoze kwenye bluu, ikiwa jua liko ubavuni mwako. Jua likiwa mbele au mgongoni haifanyi chochote cha maana, na kwenye lenzi pana sana huacha doa la bluu nzito upande mmoja wa anga.

Tatu, jasho la lenzi, na hili ni letu hasa kwa jinsi tunavyopanda na kushuka. Ukitoka Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi na baridi yake, ukashuka Tukuyu hadi Kyela karibu na mita 500, kamera bado ni baridi na hewa ni ya joto na yenye unyevu. Unyevu unaikalia. Kabla ya kushuka, ifunge kamera ndani ya mfuko wa nailoni, utoe hewa, na usiufungue mpaka kamera ipate joto la mahali. Nusu saa hadi saa nzima. Ikishatoa jasho usibadilishe lenzi na usiifutefute. Iache ikauke. Ukungu ukiwa ndani, kati ya vioo vya lenzi, na haujaondoka baada ya siku moja mahali pakavu, mpelekee fundi wa kamera. Ukungu unaokaa huzaa kuvu, na kuvu hula kioo.

Kama picha yako ni ya Ziwa Nyasa na unaona nguzo ya moshi mweusi ikiinuka juu ya maji wakati hakuna moto wala mvua, picha haina kasoro. Ni kungu, wadudu wadogo wanaoruka kwa makundi makubwa kutoka ziwani. Piga kwa lenzi ndefu ukiwa mbali, na ufunge mdomo upepo ukiyageuza kuja kwako.

Madoa kwenye anga

Tofautisha kwanza. Nukta kali nyekundu, bluu au nyeupe, zinazojitokeza kwenye picha za sekunde nyingi tu, ni pikseli zilizopata joto. Zifute kwenye programu. Madoa ya kijivu yenye kingo laini, yaliyo palepale kila picha, ni vumbi kwenye kihisi. Yanaonekana zaidi ukifunga tundu, kwa hiyo jaribu hivi: f/16, elekeza kwenye anga tupu, piga, geuza kamera kidogo, piga tena. Doa lililobaki mahali pake ni vumbi.

Tumia pampu ya mpira ya kupulizia, kamera imeangalia chini. Usipulize kwa mdomo, mate yatafika. Likikataa kutoka, hapo ndipo kwa fundi. Kijiti cha pamba cha masikio kimeshakwaruza vihisi vya kutosha.

Picha imetikisika, au haina fokasi

Upepo unaotangulia mvua ndio mkosaji. Fupisha miguu ya tripodi, usiinue nguzo ya katikati, ning'iniza begi chini yake likiwa linagusa ardhi kidogo ili lisibembee, na tumia taima ya sekunde 2 badala ya kidole. Kwenye tripodi zima kidhibiti mtikisiko cha lenzi, kwa kuwa baadhi ya lenzi za zamani hujitikisa zenyewe zinapokosa cha kutuliza. Mkononi, wingu la alasiri linataka sekunde 1/250 au haraka zaidi.

Fokasi ya usiku hupotea kwa sababu kamera haina cha kushika gizani, inakwenda mbele na kurudi. Fanya fokasi kwenye taa ya mbali, ya mnara kwa mfano, kisha hamisha swichi iwe ya mkono na usiguse tena. Usigeuze pete hadi mwisho kabisa ukidhani ndiyo isiyo na kikomo. Lenzi nyingi hupita hapo.

Rangi si zile nilizoziona

Mizani ya rangi iko kwenye otomatiki, nayo inaua wekundu wa magharibi kwa kudhani ni kasoro. Iweke kwenye jua, au takribani 5200K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), na usiku wenye radi kati ya 3800K na 4500K. Kijani au zambarau iliyozidi kawaida hutoka kwenye mikono ya mhariri. Rudisha nyuma.

Nilipigia ndani ya gari, picha ina kivuli na mapindano

Kioo cha mbele kimelala na kina tabaka, kinapinda picha. Tumia cha ubavuni. Sogeza lenzi karibu kabisa na kioo bila kukigusa, zima taa za dashibodi, funika kwa kitambaa cheusi kuzunguka. Kioo chenye tinti kitakula mwanga na kubadili rangi, hakuna tiba isipokuwa kukishusha, na hilo ni kwa dhoruba iliyo mbali tu.

Mahali pa kuegesha pana uzito kuliko hayo yote. Usisimame Kitonga wala kwenye mteremko wa kuelekea Mbalizi. Malori yamejaa, barabara imelowa, dereva anayeshuka hana nafasi ya kukukwepa. Ukikuta waya wa umeme umeangushwa na upepo, usisogee hata kuupiga picha. Kaa mbali, zuia wengine, pigieni TANESCO.

Betri inakwisha mapema

Baridi ya Makete na Njombe huipunguzia nguvu kwa muda. Weka ya akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili. Iliyoonekana kufa ikipata joto mara nyingi inarudi. Betri iliyovimba haitengenezwi wala haichajiwi, ya simu wala ya kamera. Fundi aitoe.

Kamera au simu imelowa

Zima. Usijaribu kama bado inawaka, kwa sababu maji peke yake hayaui haraka kama maji pamoja na umeme. Toa betri kama inatoka, toa kadi, toa lenzi ukiwa mahali pakavu, futa nje, acha vifuniko wazi. Mchele hauvuti maji yaliyo ndani na unaingiza unga. Kikaushio cha nywele na jiko la mkaa vinalegeza gundi na kupeleka unyevu ndani zaidi. Feni, au hewa inayopita tu, ndiyo salama.

Kama ni manyunyu ya juu juu, ipe siku mbili kabla ya kuwasha. Kama ilizama, au imeingia maji yenye tope, au unasikia harufu ya kuungua, usingoje siku mbili na usiiwashe hata mara moja: ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo, betri ikiwa nje, na umwambie ni maji ya namna gani. Kabla ya safari inayofuata, tia ndani ya begi mfuko wa nailoni na mpira wa kufungia. Toboa tundu la lenzi upande mmoja, funga mpira kuizunguka, na upande wa pili uwe wazi kwa mikono.